Rangi Mbili za Giza kwa Kuta za Nyumba

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya kuta za nyumba, hasa sisi tukaao Dodoma, nchi ya upepo na vumbi.

Wazee wa Ugogo walipojenga tembe, nyumba ya miti na udongo yenye paa bapa la udongo, hawakusumbuka kuchagua rangi ya ndani. Udongo ulitoa rangi yake, na moshi wa meko ukaimalizia. Siku hizi nyumba nyingi ni za matofali na mabati, na rangi hununuliwa dukani. Wengi hupaka nyeupe sehemu ya juu ya ukuta, na chini, kwa kimo cha futi tatu hivi, hupaka rangi ya mafuta iliyokoza, ili mikono ya watoto na migongo ya viti isiache alama. Hapo ndipo shida huanza. Makopo mawili yamefunguliwa: moja ni kahawia iliyokoza, la pili ni kijivu kinachokaribia weusi. Dukani zafanana kama mapacha. Je, tuchukue ipi?

Kwanza yatupasa kujua asili yake. Kahawia aghalabu hupatikana kwa kutu ya chuma, na kutu hiyo ndiyo itiayo wekundu udongo wetu. Weusi aghalabu hupatikana kwa masizi. Basi upepo wa kiangazi uingizapo vumbi jekundu, likitua juu ya kahawia halionekani sana, kwa kuwa ni ndugu yake. Likitua juu ya kijivu cheusi, huonekana kama unga uliomwagika. Lakini katika jiko la kuni mambo hugeuka, maana huko kiangukacho ni masizi, na kijivu ndicho kiyafichacho.

Pili, tutazame mwanga. Chokaa nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga uipigao; rangi hizi mbili aghalabu hazirudishi hata sehemu moja katika kumi. Mtoto asomaye usiku kwa taa moja auhitaji sana mwanga ule. Kwa hiyo rangi ya giza isipande juu ya futi zile tatu, hata ikitupendeza namna gani. Tena mwanga wa kibatari ni wa manjano: kahawia huzidi kuwa na joto, bali kijivu hupoteza rangi yake na kuonekana weusi mtupu.

Tatu, tujaribu kabla ya kununua nyingi. Tutwae vipande viwili vya ubao, tuvipake kila kimoja mara mbili, tuviache vikauke kabisa, maana rangi mbichi hudanganya macho. Kisha tuvisimamishe ukutani mahali penyewe, tuvitazame asubuhi, adhuhuri, na usiku taa ikiwaka. Mwisho tuvipake vumbi la uani, tuvifute kwa kitambaa chenye maji, tuone kipi kimetakata.

Wahenga walisema, mchagua nazi hupata koroma. Ni kweli, lakini walimsema achaguaye kwa tamaa. Anayechagua kwa kupima huiokoa fedha yake, kwa sababu kopo likisha kufunguliwa halirudishwi dukani, na ukuta uliokwisha kupakwa hutazamwa na watu wa nyumbani kwa miaka mingi.