Mama Akiugua Sukari, Nani Atamgawia Chakula?

Mama wa Mukolwe au wa Kalundja, huku Fizi mashariki mwa Kongo, huamka kabla ya jua. Atafagia, atawasha moto, atawapa watoto chai, kisha atachukua jembe na kushika njia ya shamba bila kutia kitu kinywani. Chakula chake ni cha mchana akirudi, na hata hapo hula wa mwisho, wakishakula baba, wageni na watoto. Ndivyo alivyolelewa, na hakuna anayeliona kuwa jambo la kuulizwa.

Sasa, msikilizaji, mama huyo apimwe sukari, ikutwe juu, aandikiwe glibenklamidi. Kidonge hicho hulisukuma kongosho litoe insulini, na kongosho halisubiri kujua kama ugali umeshaliwa. Akikimeza alfajiri kisha akalima mpaka saa sita tumbo likiwa tupu, sukari ya damuni hushuka. Jasho la baridi linamtoka, mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio, maneno yanaanza kupotea njia. Walio karibu watasema ni malaria, au amerogwa, au alipitia kwenye pombe ya lotoko. Kumbe anahitaji sukari vijiko vitatu vidogo ndani ya maji, anywe mara moja, apumzike robo saa. Asiporudi sawa anywe tena, kisha ale chakula. Akiwa amezimia, asinyweshwe kitu, maana kitamwingia mapafuni. Abebwe kituo cha afya.

Katika mitaa ya mji wa Baraka na vijiji vya Fizi, mtu akitaja mwenzi anayemsaidia mgonjwa wa sukari, picha inayokuja haraka ni ya mume anayeumwa na mke anayempikia. Nyumba ya namna hiyo ina unafuu, kwa kuwa mwenye kushika mwiko ndiye mwenye afya. Ugumu uko upande wa pili. Mke akiwa ndiye mgonjwa, anaendelea kuwapikia wote, anaendelea kula masalio, na lishe aliyoelezwa hospitalini inabaki kwenye fishi. Mume anayempenda mke wa namna hii ana kazi ya kwanza isiyohitaji hata franki moja: ahakikishe mama anakula kabla ya jembe, na kidonge kingoje chakula. Akisema hivyo mbele ya watoto na mbele ya mama mkwe, desturi ya nyumba itasogea. Mama peke yake hawezi kuisogeza, ataitwa mlafi.

Sukari ya aina ya pili huja polepole. Kongosho bado linatoa insulini, ila mwili hauiitikii vizuri, na miaka inavyopita kongosho nalo linachoka. Vipimo vya damu kabla ya kula vikifika miligramu 126 kwa desilita, tena vikarudiwa na kuonyesha hivyohivyo, ni ugonjwa. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba kanda yake ya Afrika ina watu wazima milioni 24 wenye ugonjwa huu, na kwamba zaidi ya nusu yao hawajui. Kwa hiyo mwenzi anayemwona mwenzake akiamka mara nne usiku kwenda kukojoa, akimaliza kopo zima la maji, huku nguo zikianza kumpwaya, asingoje.

Dawa ambayo wengi huanza nayo ni metformini. Si dawa ya jana; daktari Jean Sterne wa Ufaransa aliandika mwaka 1957 jinsi alivyowatibu watu kwayo. Uingereza ilifanya utafiti mrefu ambao matokeo yake yalitoka mwaka 1998. Kati ya wagonjwa wenye uzito mkubwa, waliopewa metformini walikufa pungufu kwa asilimia 36 kuliko walioelekezwa lishe peke yake. Hata hivyo majuma ya mwanzo huleta kuhara na kichefuchefu, na hapo ndipo wengi huitupa dawa kimyakimya. Ikinywewa katikati ya chakula, na daktari akianza na kipimo kidogo, tumbo huzoea. Mwenzi anayelijua hilo atasema tuvumilie wiki hizi mbili, turudi kwa daktari. Asiyelijua atasema achana na hayo, kuna mzee ana mizizi yake.

Tukija kwenye chungu, Ziwa Tanganyika limewapendelea watu wa Baraka. Mikeke na ndagala havipandishi sukari. Lenga-lenga, matembele na sombe zipo karibu mwaka mzima. Kinachoelemea ni ugali wa muhogo, ambao karibu wote ni wanga, na donge la mkulima ni kubwa. Hakuna haja ya kumkataza mtu ugali aliokula tangu ameota meno. Donge lipunguzwe nusu, mboga ziongezwe mpaka zijaze nusu ya sahani, samaki ashike robo yake. Mawese yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka kwenye chupa. Samaki wa chumvi aloweshwe kwanza, kwa sababu shinikizo la damu hupenda kuandamana na sukari.

Na mgonjwa asipikiwe sufuria ya pembeni. Anayetengewa sahani yake kama mgeni mwenye mwiko wa ukoo atachoka na aibu kabla hajachoka na ugonjwa. Nyumba nzima ile hivyo, watoto wakiwemo. Kwenye matanga na harusi, pale Fanta inapopita mkononi na kuikataa kunaonekana dharau, mwenzi awahi kusema kwamba sisi tunakunywa maji. Neno sisi lina nguvu hapo. Nyumba za Waislamu nazo zimwone daktari kabla ya Ramadhani, kwa kuwa saa za vidonge hubadilika, na wengine hushauriwa wasifunge kabisa.

Haya yote yangekuwa mepesi kama Fizi ingekuwa na amani. Madaktari Wasio na Mipaka walioanza kazi Baraka mwaka 2003 walitangaza Desemba 2020 kwamba wanafunga sehemu kubwa ya shughuli zao katika Fizi, baada ya wafanyakazi wao kushambuliwa kwa silaha. Februari 2025 mji wa Bukavu ukaingia mikononi mwa waasi wa M23. Kwa mgonjwa wa Baraka, vita vya mbali hubisha hodi kama kabati tupu la farmasi.

Wanaochoma insulini wana wasiwasi wa ziada, friji. Hapo kuna habari njema kutoka Kenya. Utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa 2021 kwa kufuata joto la kambi ya Dagahaley huko Dadaab, ulionyesha kwamba insulini inayokaa kati ya nyuzi 25 na 37 inadumisha nguvu yake kwa majuma manne. Mtungi wa udongo wenye unyevu, kivulini, unatosha kwa muda huo katika nyumba nyingi za kandokando ya ziwa.

Watu wa Fizi wamekimbia mara nyingi, tangu mwaka 1996 walipovuka maji kwenda Kigoma, Tanzania, na kufika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Wanajua milio ikianza mtu anachukua nini. Penye mgonjwa wa sukari, mfuko ule uwe na vidonge vya mwezi mmoja vikipatikana, fishi ya hospitali ndani ya plastiki, sukari kidogo iliyofungwa, na viatu vilivyofunika vidole, kwa sababu kidonda cha mguu kikipatikana njiani kinaweza kuula mguu wote. Mume na mke wote wawili wajue kwa kichwa jina la dawa na idadi ya miligramu. Katika kukimbia, anayebeba mfuko na anayeumwa wanaweza kupanda mitumbwi tofauti.