Picha Kabla ya Kidonge: Kujaribu Tiba ya Mapema ya Macho ya Kisukari Garissa



Kisukari hudhuru jicho kimyakimya. Mishipa myembamba ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huanza kuvimba na kuvuja ilhali mgonjwa anaona vizuri na hasikii maumivu. Ukungu unapomtanda, kinachobaki ni leza, sindano za jichoni zinazorudiwarudiwa, au upasuaji. Kutoka Mandera hadi hospitali kubwa za Nairobi ni safari ya takriban kilomita 1,000. Ndiyo maana tiba ya mapema, isiyogusa jicho, ina maana kubwa kwetu kaskazini-mashariki mwa Kenya kuliko kwa mkazi wa jiji.

Tiba za namna hiyo zimejaribiwa, na si zote zilizofaulu. Uingereza walijaribu kinyago cha kulalia kinachomulika mwanga hafifu juu ya kope. Hoja ilikuwa kwamba gizani retina hutumia oksijeni nyingi zaidi, basi mwanga ungeipunguzia mzigo. Wagonjwa 308 walifuatiliwa kwa miezi 24, na matokeo ya mwaka 2018 hayakuonyesha nafuu yoyote. Wengi hata hawakukivaa ipasavyo. Nalisema hili waziwazi kwa sababu vifaa vya aina hii huja kwetu na wauzaji kabla ya ushahidi.

Fenofibreti ni habari nyingine. Ni dawa ya zamani ya kupunguza mafuta kwenye damu. Utafiti wa FIELD, uliohusisha watu 9,795 wenye kisukari, uligundua kwamba waliomeza dawa hii walihitaji leza kwa uchache zaidi. Kisha Uskoti ikaijaribu kwa ajili ya macho hasa: watu 1,151 wenye dalili za mwanzo, nusu wakipewa dawa, nusu kidonge kisicho na dawa, kwa takriban miaka minne. Matokeo yalitangazwa mwaka 2024. Waliozidiwa hadi kuhitaji rufaa au matibabu walikuwa asilimia 22.7 kwa waliomeza dawa, na asilimia 29.2 kwa wenzao.

Lakini tuangalie Uskoti waliwezaje. Tayari walikuwa na mpango wa taifa wa kupiga picha retina za wagonjwa wa kisukari, na rejista iliyohifadhi matokeo. Watafiti waliwapata washiriki humo na kuwafuatilia humohumo. Nasi tunajua kwamba wagonjwa wapo: uchunguzi wa Nakuru wa mwaka 2007 na 2008, miongoni mwa watu wa miaka 50 na zaidi, ulikuta zaidi ya theluthi moja ya wenye kisukari wameathirika retina. Bila kamera, Garissa itawapata wale tu waliokwisha kuchelewa, na kidonge hiki si chao.

Kwa hiyo napendekeza jaribio letu la fenofibreti lianzie kwenye kliniki ya kisukari ya Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa: kila anayekuja kupima sukari apigwe picha ya retina siku hiyohiyo. Kamera nyingine isafiri hadi Wajir, Mandera na kambi za Dadaab. Kwa wafugaji, tarehe ya kurudi ipangwe kwa kufuata misimu ya mvua na siku za mnada wa mifugo, si kalenda ya ofisi. Maelezo ya ridhaa yasomwe kwa sauti kwa Kisomali, mbele ya ndugu ambaye mgonjwa mwenyewe amemchagua. Kidonge cha mara moja kwa siku hakigongani na saumu, kwani humezwa baada ya futari. Figo, hata hivyo, lazima zipimwe kabla na wakati wa dawa, kwa kuwa wenye figo dhaifu hupunguziwa dozi au hawapewi kabisa.

Kamera hizo zitawaibua pia wagonjwa waliokwisha kupita hatua ya mwanzo. Hao hawataingia kwenye jaribio, na hatuwezi kuwaonyesha picha ya jicho linalovuja damu kisha tukawaaga. Nauli yao na gharama ya leza viwekwe kwenye bajeti ya utafiti, na kamati ya maadili isitoe kibali hadi ione fungu hilo.