MAZUNGUMZO YA AFYA: MAZOEZI YA VIUNGO KWA WANAOTUMIA INSULINI



Kila alfajiri, katika barabara na viwanja vya visiwa vya Unguja na Pemba, huonekana vikundi vya wananchi wakikimbia na kunyoosha viungo. Miongoni mwao wamo wanaoishi na maradhi ya kisukari na kutumia sindano za insulini. Mazungumzo haya yanawahusu wao, na yanawahusu vilevile wanaokimbia pamoja nao.

Kwanza ifahamike kwamba mazoezi si adui wa mwenye kisukari. Huimarisha moyo, hupunguza uzito na huuwezesha mwili kuitumia insulini vizuri zaidi. Lakini insulini, tangu ilipotumika kumtibu mgonjwa kwa mara ya kwanza mjini Toronto, Kanada, mwaka 1922, imebaki kuwa dawa inayotaka kipimo. Mtu asiye na kisukari anapoanza kukimbia, kongosho lake hupunguza insulini lenyewe. Iliyokwisha kudungwa haipunguziki. Huendelea kuteremsha sukari, huku misuli nayo ikiivuta kutoka katika damu. Hapo sukari huweza kushuka chini ya milimoli 4 kwa lita, na hiyo ni hatari.

Kwa hivyo, inashauriwa mambo yafuatayo yazingatiwe:

1. Mgonjwa apime sukari kabla ya kuanza. Ikiwa chini ya 5, ale kwanza gramu 15 hadi 20 za wanga, kwa mfano ndizi mbivu moja, kisha asubiri ipande. Kati ya 7 na 10 ni kiwango kizuri cha kuanzia. Ikizidi 14, apime ketoni. Zikionekana, aahirishe mazoezi na kutafuta ushauri wa daktari.

2. Asijidunge pajani anapokaribia kukimbia, kwani misuli inayofanya kazi huharakisha dawa kuingia katika damu. Tumboni panafaa zaidi.

3. Mazoezi yakiwa marefu, apime kila baada ya nusu saa, na asikose kuwa na sukari mfukoni.

4. Mbio kali za muda mfupi na kunyanyua vitu vizito huweza kupandisha sukari kwa muda. Asiharakie kuongeza sindano, kwani sukari hiyo huweza kuteremka baadaye.

5. Athari ya mazoezi huweza kuendelea hadi saa 24. Aliyecheza mpira jioni huweza kushukiwa na sukari akiwa usingizini. Apime kabla ya kulala.

Kupunguza dozi kabla ya mazoezi ni jambo linalowezekana, lakini kiasi chake kipangwe na daktari kwa kila mgonjwa. Kuacha insulini kabisa kwa kuogopa kushuka kwa sukari ni hatari kubwa, hasa kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza.

Katika mwezi wa Ramadhani, anayekusudia kufunga aonane na daktari mapema. Saa za mwisho kabla ya magharibi si wakati wa mazoezi makali. Ni bora kusubiri baada ya kufuturu. Sukari ikishuka chini ya 4, afungue papo hapo.

Dalili za kushuka kwa sukari ni kutetemeka, kutokwa na jasho, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa. Mwenye kukimbia hutokwa na jasho na moyo wake huenda mbio hata akiwa mzima. Ndiyo maana dalili hizi hupita bila ya kutambuliwa. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, wapo watakaodhani kuwa amelewa au amepandwa na shetani, na dakika za kumwokoa zikapotea.

Anayeweza kumeza apewe mara moja vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, au nusu gilasi ya soda yenye sukari. Baada ya dakika 15 apimwe. Ikiwa bado iko chini ya 4, apewe tena. Ikishapanda, ale chakula. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu chochote. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali.

Hayo yote hayawezekani ikiwa wenziwe hawajui kwamba anatumia insulini. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kila mgonjwa amwarifu japo mtu mmoja katika kikundi chake na mmoja kazini, na awaoneshe mahali anapoweka sukari yake. Wakuu wa ofisi nao wanaombwa wamruhusu mfanyakazi wa namna hiyo kupima na kula anapohitaji, bila ya kumuona mvivu. Mazoezi yaendelee, kipimo kikitangulia na mwenza akiwa karibu.