Mji Unapokalia Kisima

Ndugu zetu wa Kwamsisi, leo tuitazame Unguja. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Ya 2022 ikahesabu 893,169. Sisi huku bara kijiji kikijaa twasogea mbele. Kisiwani mtu atasogea wapi?

Wala si ardhi peke yake. Sehemu kubwa ya maji ya Unguja hutoka chini: mvua huzama mwambani, na maji matamu, kwa wepesi wake, huelea juu ya maji ya bahari. Yakivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda kisimani. Na nyumba zinafunika ile ile ardhi inayonywa mvua, kisha mashimo ya vyoo huchimbwa jirani na visima.

Mtume (s.a.w.) alikataza israfu hata kwa anayetawadha mtoni; vipi basi anayeharibu kisima cha jirani yake? Hata sisi tunaojenga misikiti (na hili hatupendi kuambiwa) tumewahi kuuliza maji ya udhu yatatoka wapi, na yatamwagwa wapi?