Choo Kisicho na Komeo

Tangu Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, pande zote mbili tunataka masoko, stendi na ofisi. Swali langu ni moja: mchora ramani amemwuliza nani?

Siku moja ya gulio niliketi na mama muuza maharage. Ilipofika saa nane alimwachia mchuuzi debe mbili zilizobaki kwa bei ya kutupa. Wateja walikuwapo. Lakini choo cha soko kilikuwa kimoja, wake kwa waume, hakina komeo. Mama yule alikuwa hajanywa maji tangu asubuhi.

Ng'ambo ya mto Kagera, huko Kayonza nchini Rwanda, mwaka 2013 kilifunguliwa kituo cha wanawake kilichosanifiwa na Sharon Davis wa New York. Matofali yake waliyafyatua wanawake wenyewe. Kina vyoo, maji ya mvua yanakingwa, na mazao yanauzwa papo hapo.

Komeo halivunji bajeti. Kabla msingi haujachimbwa, mhandisi aende gulioni akawaulize akina mama. Asipouliza, hasara wanailipa wao, kila gulio, kwa debe.