Usafi wa Soko ni Kazi ya Mshahara

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na jamaa zao huko Magwagwa



Tumeombwa kusema juu ya usafi na usalama wa masoko na njia, na jinsi serikali za mahali zinavyopaswa kuvitunza. Labda mmoja wenu anajiuliza, watu wa reli wana habari gani na soko la Magwagwa, mahali ambapo hata honi ya gari la moshi haisikiki? Sisi ni watoto wa hapa. Tukipata likizo twarudi hapa, na mama zetu huuza mboga na ndizi hapa. Tena kazi yetu yenyewe imetufundisha jambo moja juu ya usafi, nalo ndilo tulilokuja nalo.

Katika njia ile ya zamani ya reli, iliyofika Kisumu mwaka 1901, kila genge la wafanya kazi hupewa kipande chake. Mwanzo wake unajulikana na mwisho wake unajulikana. Kuna mtu anayekitembea kwa miguu, akitazama mataruma, kokoto, na mifereji ya kando kama imeziba au haikuziba. Maji yakikutwa yamesimama juu ya njia, hakuna anayeanza kusema kwamba watu wa siku hizi wameharibika tabia. Swali ni moja tu: kipande hiki ni cha genge gani, na mnyapara wake ni nani?

Lakini kwa habari ya soko, ndugu zetu, swali hilo haliulizwi. Twasikia kwamba wananchi ni wachafu, wafundishwe. Halafu inapangwa siku moja ya kufagia, wakubwa wanakuja na fagio jipya, picha inapigwa, na kesho yake maganda yako pale pale. Hatusemi siku hiyo ni mbaya. Twasema si kazi. Hakuna reli inayotunzwa kwa siku moja katika mwaka.

Sisi wa reli hatuna haki ya kujisifu, maana miji mingi ya nchi hii ni sisi tulioianzisha, na vibaya. Reli ilifika Nairobi mwezi wa Mei 1899, na mji ukaota juu ya bwawa bila mifereji ya maana. Mwaka 1902 tauni ikatokea katika mtaa wa maduka ya Wahindi, na serikali ikauchoma moto mtaa huo. Kuchoma kulionekana rahisi kuliko kuzoa taka.

Huku mashambani serikali za mahali zilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1924 serikali ya kikoloni iliunda mabaraza ya wenyeji. Kwa sheria ya mwaka 1950 yakawa mabaraza ya wilaya ya Waafrika, na Uhuru ulipofika mwaka 1963 yakawa mabaraza ya kaunti, na Gusii tukawa na letu. Hao ndio watu waliowaita kanjo. Wakati huo baraza lilishika shule za msingi, afya na barabara. Kisha mwaka 1969 ikapitishwa sheria iliyoyaondolea mabaraza ya kaunti kazi hizo tatu, na pamoja nazo kodi ya kichwa iliyokadiriwa kwa kipato cha mtu. Manispaa kubwa ziliachiwa zao. Baraza la mashambani likabaki na ushuru wa soko, leseni na vitu vidogo vidogo. Basi msishangae kwamba kwa miaka mingi watu waliijua kanjo kwa kitabu cha risiti tu. Mtoza ushuru alikuja kila siku ya soko, lakini fagio halikuja naye.

Mabaraza hayo yalikwisha baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kuzoa taka na kutunza majaa, barabara za kaunti, taa za njiani, masoko, na zimamoto. Kifungu cha 42 chasema kila mtu ana haki ya mazingira safi yenye afya. Kwa hiyo hakuna tena ubishi wa kazi hii ni ya nani. Kilichobaki ni kuuliza nani, kwa jina lake, ameandikwa kuifanya, kwa mshahara gani, na kwa vifaa gani.

Hapa tutawaeleza habari tuliyoiona wenyewe. Haikuwa Magwagwa, na soko lenyewe hatulitaji. Tulikuwa tukikaa karibu na kituo kimoja cha reli, na katika soko la hapo alikuwapo mama mmoja aliyefagia. Alianza saa kumi na moja alfajiri, kabla wauzaji hawajatandaza magunia. Fagio la vijiti alilifunga mwenyewe. Toroli aliazima kwa kijana muuza maji, na ilimpasa kulirudisha kabla ya saa moja. Aliandikwa kibarua wa siku, na alikuwa kibarua wa siku kwa mwaka wa sita.

Asubuhi moja alikanyaga chupa iliyovunjika, maana alifanya kazi kwa kandambili. Mguu ukavimba, akalala nyumbani wiki tatu. Hakulipwa hata senti moja, kwa kuwa kibarua asiyefika hana siku. Wala hakuwekwa mtu mahali pake. Wiki ya kwanza hakuna aliyeona tofauti kubwa. Wiki ya pili magamba ya samaki na maganda ya ndizi yakajaa mferejini, na mbwa wakaja. Wiki ya tatu mvua ikanyesha usiku kucha, maji yakakosa njia, yakaingia vibandani, na wauzaji wakakuta magunia ya unga yameloa. Hapo ndipo watu walipoanza kusema, "Watu wa soko hili ni wachafu sana siku hizi." Watu walikuwa wale wale, ndugu zetu. Aliyekosekana ni mama mmoja na fagio lake.

Tulikwenda kumwona. Kabla hatujaketi alituuliza, "Wanangu, ule mfereji wa kwa wauza samaki umezibuliwa?" Habari ya malipo tulimwuliza sisi, na alicheka tu.

Sasa sikilizeni sheria inavyosema, maana yeye hakuambiwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi mmoja au zaidi, huhesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, wala haondolewi bila kupewa notisi. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huo huo, yamtaka mwajiri ampe mfanya kazi vifaa vya kumkinga, bure. Viatu vya mpira na glavu si zawadi ya kumshukuru mtu. Wafanya kazi wa kaunti wanacho chama chao, lakini mfagiaji wa alfajiri, aliyeandikwa kwa kalamu ya risasi, mara nyingi hajapata kuonana na katibu wake hata mara moja.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Memphis, katika Marekani, tarehe 1 Februari 1968, wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, walijikinga mvua ndani ya lori la taka, na mashine ya kushindilia ikawasaga. Siku chache baadaye wenzao wapata 1,300 waliacha kazi. Martin Luther King alikwenda kuwaunga mkono, na akauawa katika mji huo tarehe 4 Aprili. Mwezi huo huo baraza la mji likakubali kukitambua chama chao na kuongeza mshahara. Mtu akiwaambia kuzoa taka ni jambo dogo lisilohusu chama, mwelezeni habari hiyo.

Turudi nyumbani. Magwagwa iko juu ya mteremko, na mvua ya Gusii mnaijua. Kila kinachotupwa hapa juu huteremka hadi chemchemi tunazochota maji, kisha vijito, kisha mto Sondu, na mto huo huenda mpaka Ziwa Victoria. Ng'ambo ni jirani zetu Wakipsigis, nao hunywa maji hayo hayo. Kwa hiyo choo cha soko na mfereji wa soko ni vitu vya kwanza, kabla ya geti la kupaka rangi. Tena kuna mashimo tunayoyachimba kwa ajili ya matofali tukayaacha wazi. Yakijaa maji, mbu wa malaria huzaa humo. Hilo hatuwezi kulisukumia kaunti, maana mashimo ni yetu.

Taka nyingi za soko kama hili ni majani ya migomba, mabua, maganda na mboga zilizooza. Hizo ni mbolea. Sheria ya mwaka 2022 juu ya taka yataka zitengwe pale pale zinapotoka, za kuoza mbali na zisizooza. Mapipa mawili yanatosha kuanza. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na kwa macho yetu mifereji ilipumua, ingawa sasa nepi za kutupa zimechukua nafasi yake. Mama zetu msituone vibaya, tumesema tulichokiona.

Na kuna usalama. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, kaunti ya Kericho, lori liliacha barabara likawavamia wauzaji na abiria waliokuwa kando ya njia. Watu zaidi ya 50 walikufa. Reli yetu inapita Londiani, na pigo hilo liliwafikia wengi wetu. Muuzaji haketi kando ya lami kwa kupenda kifo. Huketi pale kwa kuwa mteja ni wa gari, na kwa kuwa ndani ya soko kuna matope. Kanjo wakija na rungu kumfukuza, atarudi jioni. Wakiweka kokoto ndani ya soko na njia ya kuingilia, pamoja na taa ile tunayoiita mulika mwizi, ataingia mwenyewe, na mwenye bodaboda atamfuata.

Pesa zitoke wapi? Ushuru mnaoulipa umeandikwa katika sheria ya fedha ya kaunti. Dai risiti, uitunze. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na makadirio hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili. Kabla ya hapo wananchi lazima waulizwe. Basi mkiitwa, msiende na neno "usafi" peke yake. Nendeni na karatasi: soko hili lataka wafagiaji wangapi wa mwezi, toroli ngapi, viatu jozi ngapi, na kipande cha kila mmoja kinaanzia duka gani na kuishia wapi.

Sisi tumeanza karatasi hiyo. Jana tulilipima soko kwa hatua zetu, tukaona litagawanyika vipande vinne, na cha nne, kile cha choo na mfereji wa chini, kitataka watu wawili. Karatasi iko kwa katibu pale mlangoni. Tunaomba wauzaji waitazame kwanza, maana wao ndio wanaojua maji yanapita wapi. Wenye maswali waulize sasa, kabla mvua haijaanza.