Nusu Shari na Shari Kamili: Mfanyakazi Anapoombwa Akubali Kupunguziwa Mshahara

Mazungumzo kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Jumuiya Ndogo Ndogo



Wapendwa ndugu zangu, mmenitaka niseme nanyi juu ya jambo ambalo kwetu sisi tunaoishi jirani na uwanja wa ndege si geni. Kila Dominika, katika Misa ya kwanza, ninawaona wahudumu wa ndege, mafundi, wapakiaji mizigo na walinzi waliotoka zamu ya usiku, macho mekundu kwa usingizi. Jasho la watu hawa ndilo linalojenga parokia yetu. Basi tutafakari pamoja: mwajiri anapowaambia wafanyakazi kwamba wakubali mshahara mdogo ama wakose kazi kabisa, Mkristo afanye nini?

Nianze kwa kuungama kosa langu. Miaka michache iliyopita, mpakiaji mizigo mmoja aliniletea karatasi aliyopewa kazini. Alitakiwa aisaini kabla ya Ijumaa, na kwa kusaini angepoteza theluthi ya mshahara wake. Msimamizi alikuwa amemwambia kwamba langoni wapo vijana wengi wanaoitamani nafasi hiyo hata kwa nusu ya malipo. Mimi nilikuwa na haraka ya kwenda kikao. Nikamwambia, "Mwanangu, heri nusu shari kuliko shari kamili. Saini, umshukuru Mungu una kazi." Akanitazama kwa heshima, akasema, "Padre, nimekwisha kusaini. Sikuja kuuliza kama nisaini. Nimekuja kuuliza kama ni haki."

Sikuwa na jibu siku ile. Mazungumzo haya ni jibu langu lililochelewa.

KWA NINI MFANYAKAZI WA NDEGE HANA PA KUKIMBILIA

Watu husema, "Kama hapendi, si aache atafute kwingine?" Wasemao hivyo hawaifahamu kazi yenyewe. Rubani huidhinishwa kurusha aina maalumu ya ndege, na fundi kadhalika hupewa idhini ya kutengeneza aina fulani. Katika mashirika mengi, hasa ya Marekani, rubani akihamia shirika jingine huanza upya mkiani mwa orodha, hata awe amefanya kazi miaka ishirini. Tena misiba ya usafiri wa anga huyapiga mashirika yote kwa wakati mmoja, hivyo siku shirika moja linapopunguza watu, jirani yake naye hafungui mlango.

Kwa upande wa pili, mwenye shirika naye ana mizigo asiyoweza kuitua. Bei ya mafuta hupangwa na soko la dunia. Kodi ya ndege zilizokodiwa hulipwa kwa dola, hata zikiwa zimelala uwanjani. Katika gharama zake zote, mshahara ndio aghalabu ulio karibu na mkono wake. Kwa hiyo kisu huanzia hapo, hata pale ambapo ugonjwa uko kwingine.

MIFANO MITATU

Wazee waliopo hapa wanalikumbuka Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza mwaka 1946 na kufa mwaka 1977, nchi tatu zilipofarakana na Jumuiya ikavunjika. Wafanyakazi hawakulivunja wao, lakini walioamka bila kazi ni wao. Ninalitaja ili tukumbuke kwamba shari kamili ipo. Mwajiri anayesema shirika laweza kufa hasemi uongo wakati wote.

Mfano wa pili ni wa Marekani. Wafanyakazi wa Eastern Air Lines walikubali kupunguziwa mishahara katika miaka ya 1980, wakapewa hisa zipatazo robo ya shirika. Mwaka 1986 shirika likauzwa kwa tajiri mwingine, naye akadai punguzo zaidi. Mwezi Machi 1989 mafundi waligoma, na marubani wengi wakawaunga mkono. Mwezi Januari 1991 shirika likafungwa. Walikubali mara ya kwanza, wakakataa mara ya pili, na mwisho wake wote walipoteza.

Mfano wa tatu ni wa American Airlines. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 abiria walipungua, na mwaka 2002 kampuni mama ya shirika hilo ilipata hasara ya dola bilioni 3.5. Mwezi Aprili 2003 vyama vitatu, vya marubani, wahudumu, na mafundi pamoja na watu wa uwanjani, viliombwa vikubali mapunguzo makubwa ili shirika lisifilisike. Wafanyakazi wakapiga kura, wakakubali kwa uchungu. Siku zile zile za kura ikafahamika kwamba wakuu wa shirika walikuwa wametengewa zawadi za fedha ili wasihame, na kwamba mfuko wa mamilioni ya dola ulikuwa umewekwa kulinda pensheni za wakubwa hata kama shirika lingefilisika. Hasira ilikuwa kubwa. Zawadi zikafutwa, na mkuu wa shirika, Donald Carty, akajiuzulu kabla ya mwezi kwisha. Hata hivyo shirika liliomba ulinzi wa mahakama ya kufilisika mwezi Novemba 2011.

Angalieni jambo hili. Wafanyakazi wale walikuwa wamekwisha kukubali kubeba mzigo. Kilichowaumiza zaidi ni kugundua kwamba wenzao wa juu walikuwa wamejiwekea mwavuli huku wakiwahubiria wengine uvumilivu wa mvua.

Na sisi hapa Kenya tumeyaona. Mwezi Machi 2020, kwa ajili ya Korona, safari za abiria wa kimataifa zilisimamishwa, na Kenya Airways ikapunguza mishahara ya wakubwa kwa wadogo. Mwezi Novemba 2022 marubani waligoma, mojawapo ya madai yao likiwa michango ya mfuko wa akiba iliyokuwa imesimamishwa wakati wa janga. Safari nyingi zikafutwa, abiria wakakwama, na baada ya siku chache mahakama ikawaamuru warudi kazini. Sitaki kuhukumu ugomvi huo. Nataka tuone tu kwamba kinachoombwa wakati wa dhiki kisipowekewa siku ya kurudishwa, hugeuka kidonda.

MAFUNDISHO YA KANISA

Sasa tulirudie swali la yule kijana: je, ni haki?

Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, anafundisha kwamba mapatano ya mwajiri na mfanyakazi hayawi halali mbele ya Mungu kwa sababu tu pande mbili zimekubaliana. Mtu akikubali masharti magumu kwa kubanwa na shida, au kwa kuogopa baya zaidi, huyo amelazimishwa, na kulazimishwa huko ni dhuluma. Kwa hiyo hoja ya vijana walioko langoni haitoshi. Wingi wa wenye njaa hauupunguzi utu wa anayefanya kazi. Baba Mtakatifu wa sasa, Leo XIV, aliyechaguliwa mwaka 2025, alieleza kwamba alichukua jina hilo hasa kwa kumkumbuka Papa huyo na waraka wake.

Lakini Kanisa halisemi upande mmoja tu. Papa Pius XI, katika Quadragesimo Anno ya mwaka 1931, anafundisha kwamba hali ya shughuli yenyewe sharti iangaliwe. Kudai mshahara ambao utaiua, na kuwaletea wafanyakazi wenyewe maangamizi, si haki. Papo hapo anaongeza kwamba faida ikikosekana kwa uzembe wa wakuu au usimamizi mbaya, hiyo si sababu ya haki ya kuwapunguzia wafanyakazi. Na hali ikifikia ukingoni, waajiri na waajiriwa washauriane kama shughuli iendelee, au wafanyakazi watafutiwe riziki kwa njia nyingine.

Naye Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, anatukumbusha kwamba kazi ya binadamu hutangulia mtaji, na kwamba mgomo ni haki, ila ni njia ya mwisho, wala usitumiwe ovyo.

Basi, ndugu zangu, kupunguza mshahara kwaweza kuwa haki, na kwaweza kuwa wizi. Tutatofautishaje? Ninapendekeza maswali manne. Kwanza, je, hesabu zimewekwa wazi mbele ya wafanyakazi au chama chao? Anayeniomba nusu ya mkate wangu sharti anionyeshe ghala lake. Pili, je, wakubwa wametangulia, na kutoa zaidi? Tatu, je, mshahara uliobaki unamwezesha mtu kulisha watoto wake na kuwasomesha? Nne, je, imeandikwa ni lini na kwa namna gani kilichopunguzwa kitarudishwa hali ikitengemaa?

Majibu yakiwa ndiyo, Mkristo aweza kukubali bila aibu, wala wenzake wasimwite msaliti. Majibu yakiwa hapana, aweza kukataa kwa dhamiri safi, naye asiitwe mkorofi. Na yule anayesaini kwa sababu mtoto wake yu mgonjwa, asihukumiwe na mtu. Dhambi ya karatasi ile haiko kwenye mkono uliosaini.

Zaidi ya hayo, sheria ya nchi ipo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inatambua haki ya ujira wa haki, ya kujiunga na chama cha wafanyakazi na ya kugoma. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mfanyakazi ashauriwe kabla ya masharti ya mkataba wake kubadilishwa, na mabadiliko hayo yaandikwe. Anayepunguzwa kwa kukosekana kazi anastahili malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumika. Viongozi wa walei, yajueni haya, maana mwenye kuwajia usiku na karatasi mkononi hana muda wa kutafuta wakili.

NA SISI JE?

Ningeishia hapa, mngetoka mkiwanung'unikia wakubwa. Lakini sisi nasi ni waajiri. Mwaka 2020 sadaka zilipokoma, katika parokia niliyokuwa nikihudumu tulimpunguzia katekista na mpishi posho yao. Hatukuwaita. Hatukuwaonyesha hesabu. Mimi mwenyewe sikupunguza kitu mezani pangu. Nilipoyaandika maswali haya manne, niliona kwamba ningeshindwa yote.

Nyumbani kwenu je? Mshahara wa baba ulipokatwa, wa kwanza kukatwa hakuwa yule dada anayelea watoto? Mtume Yakobo anaonya kwamba ujira waliozuiliwa wavunaji humlilia Mungu naye anasikia (Yak 5:4). Hasemi kwamba kilio hicho husikika kikitoka katika mashamba makubwa tu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kila jumuiya ijue ni nani amepunguziwa au kuachishwa kazi, imtembelee kabla hajaona haya kuja kanisani. Chama chetu cha akiba na mikopo kikae naye kupanga upya deni lake, kisimkimbize. Na yeyote miongoni mwetu anayekaa katika meza ya wakuu, awe na ujasiri wa kuuliza huko ndani kwa nini kisu kimeanzia chini.

Yule kijana bado anapakia mizigo. Nilimwendea mwaka huu nikamwambia, "Haikuwa haki, nami nilikosa." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Asante, Padre. Sasa najua sikuwa mjinga kuuliza."

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi atuombee. Mungu awabariki.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Ni nani katika jumuiya yetu amepunguziwa mshahara, nasi tulimfanyia nini?
2. Mgomo hudhuru pia wasiohusika. Ni wakati gani mfanyakazi Mkristo aweza kugoma?
3. Tuwatazame wale tunaowaajiri sisi wenyewe: yale maswali manne tungeyajibuje mbele yao?